Pumzi ya Mize

Jumatatu, 3 Mfunguo Nane 1356 Hijria
Tumechambua karafuu tangu asubuhi. Vumbi la makonyo, vile vijiti vyake, limemshika Mize kifua tena. Kombe la aya kanywa, mafusho kapigwa, hapana kitu. Mjukuu wangu ana miaka tisa na anapumua kizee kuliko mie.

Jumatano, 5
Bi Jamna, mke wa Baniani mwenye duka hapa Gando, kaniita uani kwake. Naye alikuwa na pumu usichanani. Ana mazoezi ya pumzi, kayapata kwa mamake. Kanikalisha miguu nimeikunja, mgongo wima. Ziba tundu la kulia la pua kwa dole gumba. Vuta kwa kushoto, hesabu nne. Ziba yote mawili, zuia, nne. Toa kwa kulia, nane. Nimekohoa mpaka machozi.
"Bi Mkubwa, wavuta kama wataka kumeza duka!"
Nimemwambia duka lake halina cha kumezwa.
Shule sikukanyaga. Naandika kwa herufi za Kiarabu, za chuo cha Kurani, nisisahau.

Ijumaa, 7
Nimeweza. Kifua chepesi. Majirani wasema naabudu Kibaniani. Nimewajibu pua haina dini.

Jumamosi, 8
Nimemfunza Mize. Nimekosa.
Hesabu ya Bi Jamna ilinipotea, nikashika tasbihi. Kila punje Subhanallah nzima, taratibu, nilivyozoea. Subhanallah nne si moja, mbili, tatu, nne. Mtoto kaziba pua, kanitazama. Hakuachia kwa kuwa sijamwambia aachie. Macho yakapinduka. Kaanguka juu ya jamvi la karafuu. Tumemmwagia maji ndipo akazindukana.
Hamadi, mwanangu, babake Mize, kaona yote. Kamnyanyua mtoto, kaingia naye ndani. Bora angenifokea.

Jumapili, 9
Hamadi kamchukua mtoto, kampeleka Msuka kwa ndugu za marehemu mamake. Kasema nisimfuate.
Nimekwenda kwa Bi Jamna, nimemwambia. Kajipiga kofi la paji la uso. Kasema mwenye kubanwa hazuii pumzi kabisa, avuta na kutoa tu. Na hesabu ni ya haraka, kama mtu atembeaye. Tumezunguka ua pamoja, vizee viwili, twahesabu hatua, mpaka ikaniingia.

Jumanne, 11
Nimetuma salamu Msuka. Hamadi, nimejua nilipokosea, mlete. Hapana jibu.

Alhamisi, 13
Hapana jibu.

Ijumaa, 14
Mize kafa.
Mjumbe kaja asubuhi. Mtoto kabanwa jana adhuhuri. Kakaa mwenyewe wima, kaweka dole gumba puani. Hamadi kaushika ule mkono, kauondoa. Alasiri mtoto kaisha.
Pumu ndiyo iliyomuua. Mie ndiye niliyempa babake sababu ya kuushika ule mkono. Nakwenda kuzika.

Jumatatu, 17
Tumerudi Gando, matanga yako kwangu. Bi Jamna kaja, kasimama nje ya mlango. Wanawake wakanong'ona: huyo ndiye aliyefunza. Nimeinuka, nimemshika mkono, nimemkalisha mkekani pangu. Nikasema kwa sauti, na wanaume barazani wasikie: kosa la hesabu ni langu, huyu alinifunza sawa.

Jumanne, 18
Watu wametawanyika. Hamadi kaingia ndani usiku, kakaa chini. Mwanamume mzima ana mvi. Kanambia, "Mama, mkono wake ulikuwa na nguvu nilipouondoa."
Nimemlaza kichwa mapajani pangu. Amelala mpaka jua limepanda. Sijamwamsha.