Mnanaha Umefika Barabarani

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini mimi mkweo siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia.

Mvua za pili tangu tukuzike zimeanza. Shelui usingeitambua. Tangu biashara iachiwe watu binafsi, malori yanalala hapa mengi, yanapakia alizeti na ng'ombe. Mimi na jirani yetu Rehema, yule mjane wa fundi baiskeli, tumefungua kibanda cha chakula. Tunawapikia madereva. Nakuandikia kwa ajili ya jambo lililotupata hapo juzi.

Unakumbuka msimu wangu wa kwanza kwako? Chakula ghalani kilikuwa kimekwisha, nami mtoto wa mjini, nimekulia dukani kwa baba Singida, mboga naijua ikiwa sokoni imepangwa mafungu. Nikaona majani mapana, laini, yamestawi kwenye zizi la zamani wakati kwingine ndiyo kwanza yanachomoza. Nikajaza ungo. Ulipoyaona hukunifokea. Uliyamwaga, ukaninawisha mikono kama mtoto, kisha tukarudi wote zizini.

"Huu ni mnanaha, mwanangu. Haupendi ardhi ya njaa. Unapenda walipolala ng'ombe, panapotupwa majivu na takataka."

Ukanionyesha ua lake jeupe, refu kama tarumbeta, na tunda lake la miiba. Ukanifikichia jani nilinuse. Lilinuka mkojo wa panya. Ndipo uliponiambia habari za mdogo wako Neema, aliyekula mbegu zake mkiwa mnachunga mbuzi, akashinda akiokota hewani vitu visivyokuwepo, mpaka akazimika, asiamke tena. Hukumtaja tena.

Sasa, Mama, mnanaha umetoka zizini. Nyuma ya malori kuna uwanja ambapo ng'ombe husubiri kupakiwa. Samadi imejaa, udongo umevurugwa kwa kwato, na mvua ilipogusa tu ukaota kama uliopandwa. Mchicha nao umeota humo humo, shina kwa shina. Juzi Rehema alichuma huko, akapika kabla sijafika. Nikaona mabaki kwenye ungo: majani mengine yana meno pembeni. Nikafikicha moja. Panya.

Nikamwaga sufuria nzima. Rehema alilia kwa hasira, "Unanifukuzia wateja!" Madereva wakala ugali na maharage huku wananung'unika.

Lakini Rehema alikuwa ameonja, mara mbili tatu, akikoleza chumvi. Kabla ya adhuhuri kinywa kilimkauka, mboni za macho zikapanuka, akaanza kumkaribisha kiti marehemu mumewe. Nilimwona Neema, ambaye sikumjua. Mmoja wa wale madereva walionung'unika ndiye aliyetupakia mbele ya lori hadi zahanati. Nikamtajia mganga mmea wenyewe kabla hajauliza, akajua la kufanya.

Jana akili za Rehema zilirudi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Wale wote wangekula." Kisha akaniomba nimwonyeshe.

Leo tumekwenda na majembe, yeye bado mnyonge. Tumeung'oa kabla matunda hayajakauka na kupasuka, maana ulisema mbegu zake hukaa ardhini miaka, zikingoja udongo uvurugwe. Hatukumaliza. Wanawake wa vibanda vingine wakaja kutuzunguka, nikajisikia nasema kwa maneno yako, hata kwa kule kusita kwako ulipofika kwa Neema.

Asante, Mama. Nilipoolewa, shangazi zangu walinionya juu ya mama wakwe. Sikupata kukuambia walivyokosea.

Nakuahidi, kila mvua zikianza nitapita uwanja ule na jembe, na yeyote atakayekuja kupika hapa nitampeleka huko kwanza, akanuse kwa pua yake.

Pumzika, Mama. Wote waliokula kwetu juzi waliamka salama. Malori yao yameshapita Nzega.

Mkweo,
Halima