Mstari wa Tano wa Kibao cha Lori

Jumanne, 10 Juni 2025

Baridi kali huku kwetu Sekei leo. Nimefika gereji Daraja Mbili vidole vimekufa ganzi.

Mama Violet, mwenye gereji, amenikabidhi vibao vya lile lori la jeshi. Mimi ni karani, kazi yangu ni barua na mafaili, lakini amesema nina mwandiko mzuri na sina haraka, basi vibao ni vyangu. Sikukataa. Miezi yangu ya majaribio inaisha tarehe thelathini na bado hajasema kama nitabaki. Kila akiita "Tabitha!" nasimama kabla hajamaliza jina.

Lori ni la Bwana Kaaya, mkulima wa kahawa kule juu mlimani. La miaka ya sabini. Alilinunua likiwa limeota majani hadi kwenye kiti. Anataka lirudi kama lilivyokuwa jeshini, mpaka skrubu ya mwisho, kisha Jumamosi ijayo, tarehe 21, aliendeshe mwenyewe mbele ya ukoo na usharika.

Vibao vya dashibodi ni vitatu. Namba ya chesisi. Mchoro wa gia. Cha tatu ni maelekezo kwa dereva, mistari sita. Nimeweka karatasi nyepesi juu yake nikasugua penseli, kama tulivyokuwa tunafanya na sarafu shuleni. Mistari mitano imejitokeza. Ule wa tano — ukungu mtupu. Umelika kabisa.

Alhamisi, 12 Juni

Kibao cha tatu hakitengenezeki, lazima kichongwe kipya. Nimekipeleka mjini kwa Dada Anjela, yule anayechonga mihuri. Nimemwachia cha zamani akitazame, na jioni nimemtumia maneno kwa simu, picha ya karatasi niliyochapa.

Sikupenda kuacha pengo kwenye mstari wa tano, asingejua ukubwa wa herufi. Nikajaza maneno yoyote ya urefu unaofaa: PIGA HONI MARA MBILI KABLA YA KUWASHA INJINI. Pembeni nikaandika kwa penseli, "kipimo tu". Maneno ya kweli nitamuuliza Mzee Lemomo, aliyekuwa jeshini.

Jumatatu, 16 Juni

Mungu wangu.

Kibao kimekuja. Kizuri mno. Unakipaka rangi nyeusi chote, kisha kabla haijakauka unafuta juu juu kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kipande cha mbao bapa, na herufi zilizoinuka zinatoka zinang'aa. Nilikuwa nafuta kwa raha zangu. Mstari wa kwanza, wa pili. Nikafika wa tano. HONI MARA MBILI.

Nikakaa juu ya tairi. Nimempigia Dada Anjela: penseli haikuonekana kwenye picha.

Kabla sijafungua mdomo, akaingia Mzee Lemomo. Alikuwa dereva jeshini enzi hizo, Mama Violet humleta kutoka Ngaramtoni atueleze mambo yalivyokuwa. Akavaa miwani. Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Nilikuwa nasubiri acheke, au aulize ujinga gani huu. Kidole kikasimama kwenye wa tano.

"Honi mara mbili," akasema. "Ndiyo. Tulikuwa tunapiga."

Akaendelea! Kulikuwa na koplo mmoja mbishi aliyewasha bila honi, fundi akiwa chini ya gari. Fundi alipona. Kiatu hakikupona. Mama Violet alimrekodi kwa simu mwanzo hadi mwisho, na alipomaliza, Fundi Simel alishakigongelea kibao dashibodini kwa ribiti nne. Ribiti haichomolewi bila kuharibu kibao.

Jumanne, 17 Juni

Lori limewashwa mara kumi na moja leo. Honi ishirini na mbili. Mama wa cherehani mtaa wa pili alikuja kuuliza kama kuna msiba au harusi.

Simel hapigi honi bila kunipigia saluti kwanza. Hajui chochote, anatania tu. Amesema mimi nikiona kivuli changu nakiandikia barua ya kujieleza.

Mchana Mzee Lemomo alikuja na mwenzake wa zamani jeshini, Mzee Lesikar. Huyu naye akasoma kibao, akakataa. Honi zilikuwa tatu. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mzee Lesikar anakumbuka hata ya tatu ilikuwa ndefu kuliko nyingine. Mimi nilikuwa pale na sinia la vikombe.

Bwana Kaaya alipofika aliguswa mno. Alishika kibao kwa mikono miwili. Akasema kuanzia leo hafanyi lolote kwenye gari hili ambalo halijaandikwa.

Alhamisi, 19 Juni

Dada Anjela amenitumia ujumbe kwa furaha. Amelowesha kibao cha zamani kwenye dawa yake na mstari wa tano umeonekana. Picha ni safi, kila herufi: SUBIRI DAKIKA NANE HEWA IJAE KABLA YA KUONDOKA.

Nikamuuliza Simel, kama mtu anayepitisha muda tu, hewa gani hiyo kwenye lori. Akasema ya breki. Gari likilala hewa inatoka, na ukiondoka kabla haijajaa, unakanyaga pedeli kama unakanyaga godoro. Yeye husubiri kila mara. Geji ya kupimia hewa? Ya urembo, mshale umekufa, Bwana Kaaya hakutaka mpya.

Nikamwambia basi amweleze Bwana Kaaya. Akacheka. Alishamweleza jana.

"Kaniambia halijaandikwa," akasema.

Na shambani kwake ni mteremko kuanzia getini mpaka mtoni.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeandika barua tatu za kukiri. Nimechana tatu. Ya pili ilikuwa nzuri kweli.

Saa nne nikaingia ofisini kusema kwa mdomo. Mama Violet akaniwahi. Kuna hati, Bwana Kaaya ameiomba: kwamba vibao vyote vina maneno yale yale yaliyokutwa. Mimi ndiye nitakayesaini, kesho huko huko shambani, mbele ya watu. Mteja akiridhika, kazi ni yangu. Nikasema asante mama. Nikatoka. Asante!

Mchana nikamfuata Mzee Lemomo nyuma ya stoo. Nilimwamkia shikamoo mara mbili kwa woga, akaitikia marahaba mara mbili. Nikamweleza yote, tangu penseli. Alisikiliza akitazama viatu vyake.

"Hata mimi hiyo honi siikumbuki," akasema.

Nikamuuliza sasa ile habari ya koplo je.

"Mwanangu, ilikuwa imeandikwa. Ningesemaje mbele za watu? Kwamba mimi ndiye niliyesahau?"

Akauliza ni dakika ngapi. Nikasema nane. Akazihesabu kwenye vidole, akavaa kofia, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 21 Juni 2025

Naandika nikiwa ndani ya lori. Nitaeleza kwa nini.

Lori limeelekea chini, kahawa na migomba pande zote, mawe mawili yamezuia magurudumu. Nyuma wamepanda wanakwaya, akina mama ishirini na kitu na sare zao. Mimi niliwekwa kiti cha mbele na hati mapajani. Matumaini yangu yote yalikuwa kwa mchungaji, maana sala zake zinajulikana kwa urefu, na nilitegemea abariki lori likiwa linanguruma. Leo ana maziko kwingine. Aliomba likiwa limezimwa, akamaliza kabla sijafumba macho vizuri, akaondoka.

Bwana Kaaya akapiga honi mbili. Kwaya ikashangilia. Akawasha. Simel akainama kutoa mawe. Mkono wa Bwana Kaaya ulikuwa kwenye gia.

Ndipo Mzee Lemomo akasimama mbele ya lori, wima, na koti lake refu, mkono juu.

"Bado! Baada ya honi ni kimya, dakika nane. Na karani wa kikosi anaandika kila dakika."

Bwana Kaaya akasema hilo halipo kwenye kibao. Kila mtu akamgeukia Mzee Lesikar, maana huyu hajawahi kukubaliana na mwenzake. Akafikiri.

"Si nane," akasema. "Kumi."

Hiyo ikatosha. Wanaobishana hesabu wanakubaliana na jambo lenyewe. Bwana Kaaya ameshuka, amesimama mlangoni kikakamavu kama askari. Daftari pekee nililokuwa nalo kwenye mkoba ni hili, lenye kila kitu tangu penseli. Basi naandika. Injini inanguruma. Watu wote wananitazama nikiandika.

Dakika ya nne. Hakuna anayekohoa. Jogoo tu.

Dakika ya tano. Simel yuko karibu na tangi la hewa, ametega sikio. Kidole gumba juu kidogo.

Dakika ya sita. Bwana Kaaya ana machozi. Amenong'ona kwamba maandishi haya yawekwe kwenye fremu ya kioo, yakae na lori daima.

Dakika ya saba. Mama Violet amesema wazo zuri, lakini kwanza yasomwe kwa sauti, wazee wasikie. Kiongozi wa kwaya ameshampa Bwana Kaaya kipaza sauti.

Dakika ya nane. Valvu ya tangi imetema hewa iliyozidi, pshii. Breki zipo. Hakuna atakayekufa leo.

Bwana Kaaya ameingiza mkono dirishani. Kiganja wazi, karibu kabisa na ukurasa. Mkono wa pili una kipaza sauti. Mama Violet ananitabasamia.

Nimemwambia Bwana Kaaya kwamba Mzee Lesikar yuko sahihi. Ni kumi.

Amerudisha mkono, amesimama wima tena.

Dakika ya tisa.