Nguruwe Mwenye Vidole Vitano

Mjukuu wangu Asina,

Kosa la wengi ni kudhani kwamba tumbo likivimba, lazima kuna mtu aliyetia sumu. Sisi hapa Kasongo tu wazima, na mama yako anakusalimu. Umeniuliza kama ni kweli Feza, mke mdogo wa marehemu baba yako, ndiye aliyemroga. Nakataa, mimi niliyemzaa baba yako, hata ukoo mzima ukinikasirikia.

Nilipokuwa kijana kule Kabambare, nguruwe-mwitu wachache waliingia katika mpunga wetu kila siku. Ngoma ikilia, tulikimbia wote shambani na mikuki. Wakati wa mavuno mpunga ulikuwa umelala chini, na watu wakamshika mjane mmoja, wakidai ni mchawi: "Mulozi ni wewe!" Baba yangu akacheka, akionyesha nyayo zetu wenyewe zilizoukanyaga mpunga. "Muangalie udongo. Nguruwe gani iko na vidole vitano?"

Baba yako alikuwa na virusi vya homa ya ini B; daktari alituonyesha majibu. Chembe za kinga huitana kwa ujumbe uitwao sitokini, kama ngoma ile. Ujumbe huo ukilia miaka mingi, ini huumizwa na walinzi wake wenyewe, hujaa makovu, na saratani huweza kuota humo. Kisha uvimbe huo wa saratani nao hutuma ujumbe wake wa kuwatuliza walinzi, ukakua bila kuzuiwa; ndivyo alivyokufa baba yako.

Feza anaishi kwangu sasa. Atakayemfuata atanikuta mlangoni.

Nawe umekulia nyumba moja na baba yako, na virusi hivyo huambukiza kwa damu. Nenda leo ukapimwe homa ya ini B.

Babu yako