Majani Nyuma ya Tangi

Dada yangu,

Shikamoo. Najua hii umeipokea kwa midomo iliyobinuka, lakini shikamoo ni shikamoo, itabidi uitikie hata kama unaitikia karatasi. Natumai mgongo umetulia na yale matone ya macho unayatia kwa saa alizosema daktari, siyo unapokumbuka. Huku kwangu ni wazima. Goti la kushoto bado linalalamika kwenye ngazi, meno yaliyobaki yanaelewana, na kitinda mimba wangu anapita kila Jumatano kuangalia kama nimekufa. Akinikuta hai ananifokea kuhusu vyombo.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu zangu hupokei. Nimepiga mara tisa. Mara ya kumi alipokea binti yako, akaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha bafuni, akaniambia kwamba umeapa hutacheza tena na mimi, na kwamba Ijumaa unampa jirani yako mwalimu ile kompyuta, pamoja na skrini yake na kiti chake. Nikamuuliza nimekosa nini. Akasema mama anadai ninamwachia ashinde makusudi. Ati ninamhurumia kwa ajili ya macho. Ati mtu aliyekupiga miaka sita hawezi kugeuka mbumbumbu kwa wiki moja, na wewe hutaki kulishwa ushindi kwa kijiko kama mgonjwa.

Dada, nimeitwa mengi katika maisha haya. Mwalimu wangu wa darasa la tano, ambalo ndilo lilikuwa la mwisho, aliniita hasara ya chaki. Marehemu mke wangu aliniita mambo ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua itakayopita mikononi mwa mkweo. Lakini mtu wa huruma, hilo sijawahi kuitwa na yeyote, na sikubali kuanza na wewe. Kwa hiyo vaa miwani, kaa, usome mpaka chini. Kwa kuwa lori la mkweo linapita huko Alhamisi, nimemwambia akukabidhi mkononi, tena asiondoke mpaka akuone umeanza kusoma. Kama amesimama hapo mlangoni, mpe chai.

Unakumbuka tulivyoanza. Mwanao mkubwa alikuwa anajiandaa kwenda mbali kikazi, mimi ndio kwanza nimemzika mwenzangu, wewe umebaki na cherehani iliyofunikwa shuka. Akatuwekea ule mchezo, kwako na kwangu. Hata wakati ule ulikuwa mchezo wa kizamani, vijana walishauacha kwa mingine inayong'aa. Alisema tukiwa tunapigana risasi kila Jumamosi angalau atajua wote wawili tuko hai.

Wewe alikuachia mashine yake mwenyewe, yenye kadi ya picha kubwa kama tofali, feni mbili. Mimi alinikusanyia masalia. Alinieleza kwamba kadi ya picha ndiyo inayochora kila unachokiona, na kwamba yangu, iliyokuwa na ukubwa wa biskuti, ingechora kwa shida. Akashusha kila kitu ili iweze kwenda: vivuli akavitoa, moshi akautoa, maji akayafanya bati la kijivu. Baada ya kunyolewa hivyo mchezo ulinipa picha ishirini kwa sekunde, siku ya joto kumi na nne. Nikigeuza shingo, ukuta unafuata baadaye. Mimi nimetengeneza mafriji miaka arobaini, najua sauti ya mashine inayofanyishwa kazi kuliko umri wake. Nikang'oa ubavu wa boksi, nikafunga feni niliyoitoa kwenye friji lililokufa. Ikavuma mpaka ukaniuliza kwenye hedifoni kama nimehamia uwanja wa ndege.

Basi ikawa kila Jumamosi saa nne asubuhi. Kiwanda kilekile kibovu, tangi lilelile la maji, uwanja uleule nyuma yake. Wewe unatambaa kwa subira ya mshonaji, mimi naruka kama jina langu. Huku tunawindana, huku unanisimulia mkweo anavyokoroma mpaka vikombe vinacheza kabatini. Ukweli ni kwamba siku nyingine zote sita mimi huongea na mafriji ya watu na kinyozi. Jumamosi ndiyo naongea.

Na nilikuwa nakupiga. Nyuma ya kalenda nimeandika Jumamosi mia mbili sabini na nne kwangu, kumi na tisa kwako. Nilikuwa nazisoma kama mtu anayesoma barua ya mapenzi. Tangu tukiwa wadogo wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza: kuhesabu, kuruka kamba, kumaliza shule, kununua kiwanja. Mimi nimesubiri mpaka miaka sitini na mitano nikupite kwa kitu kimoja. Kinyozi anajua hizo namba kwa kichwa, maskini. Ananinyoa haraka siku hizi.

Mwezi uliopita biskuti ikaungua. Ilitoa harufu ya waya, skrini ikawa na mistari kama kanga, halafu giza. Kitinda mimba akanibeba mpaka dukani kwa fundi mmoja wanayemwita Babu, kijana wa miaka thelathini mwenye kichwa cheupe pe. Babu aliitazama kadi yangu kwa heshima, kama mtu anayetazama maiti ya mtu mashuhuri. Akatoa nyingine, iliyotumika lakini nzima, akasema kwa mchezo wa umri ule kadi hii ni sawa na kutuma lori likalete kiberiti. Akaifunga, akapandisha kila kitu mpaka juu kabisa, akawasha, akanisogezea kiti.

Dada, niligombana naye. Nilimwambia amenibadilishia mchezo. Tangi lilikuwa na kutu, kutu yenyewe ina michirizi. Lile bati la kijivu lilikuwa na mawingu ndani yake. Na nyuma ya tangi, pale kwenye uwanja, kulikuwa na majani. Yanafika kiunoni, kijani kilichochoshwa na jua, na upepo ukipita yanalala yote upande mmoja, kisha yanainuka kila moja kwa wakati wake. Picha sitini kwa sekunde, hakuna kukwama. Babu akaniambia kwa upole kwamba hajabadilisha kitu. Mchezo ndio huu, mzee, miaka yote hiyo ulikuwa unaishi kwenye nyumba isiyopigwa lipu.

Sasa nikueleze zile Jumamosi tatu unazodai nilikuhurumia.

Ya kwanza ulinipiga risasi ya kisogo nikiwa nimesimama wima katikati ya uwanja, ukasema nilisimama kama mlingoti ili unione. Nilikuwa natazama majani. Nilisahau kama kuna vita.

Ya pili nilikutafuta kwa bidii ya mtu aliyepoteza ufunguo. Nilipita hatua mbili kutoka ulipolala, nusura nikukanyage, na sikukuona. Ukaniua kwa nyuma ukacheka, halafu kicheko chako kikakatika. Nadhani hapo ndipo ulipoanza kunishuku.

Ya tatu nikaamua na mimi nilale humo. Nikajifukia, sipumui, najisifu. Dakika haikuisha. Nilipokuuliza umenionaje, ulijibu kwa hasira kwamba pindo la majani lilikuwa limekatika mahali pamoja, kama sketi iliyoshonwa na mwanagenzi, na kwamba nisikufanye mjinga kwa kujificha kitoto namna ile. Dada, mimi nilidhani nimejificha vizuri. Hayo macho unayosema yamekwisha tangu daktari ayapasue yaliona uzi uliokosea kwenye uwanja mzima.

Nimefika sasa mahali ambapo nimepazunguka tangu mwanzo wa barua, na mkweo kama bado yupo mwambie aende nje.

Ile kadi ya biskuti haikuwa na nguvu za kuchora majani. Mwanao alipoyashusha yalitoka yote, ukabaki udongo wa kahawia, mtupu kama kichwa cha kinyozi wangu. Jumamosi ya kwanza kabisa uliniambia kwenye hedifoni, kwa majivuno, kwamba umejificha na sitakupata hata nikija na mbwa. Mimi nikatazama, nikakuona. Umelala kifudifudi katikati ya uwanja wa wazi, kama shuka lililoanikwa. Nilifikiri unatania. Jioni nikampigia mwanao, akanieleza habari ya majani, akasema anaweza kunitafutia kadi nzuri kidogo ili tuwe sawa. Nikamwambia aache, mimi mtu mzima nimeshazoea. Nikamwambia pia asikuumize kichwa na mambo ya kiufundi.

Miaka sita nimekuona kila mahali. Ulipotambaa nusu saa kutoka ukutani mpaka tangini ukidhani dunia haikujui, mimi nilikuwa juu ya paa natafuna karanga. Kuna siku nilikuzunguka mara tatu najifanya nakutafuta, nakuuliza kwa sauti ya kukata tamaa uko wapi dada, na wewe unabana kicheko puani, nakusikia. Halafu nikakupiga. Zile kumi na tisa ulizoshinda, zote mashine yangu ilikuwa imeganda.

Mbaya zaidi nakumbuka mwaka wa pili ulipotaka uninunulie kadi mwenyewe, maana uliona ninavyoteseka na mashine mbovu. Nikakujibu kwa unyonge kwamba mwenye kidogo hucheza na kidogo chake. Ukaguswa. Ulinitumia fulana.

Kwa hiyo nisikie vizuri. Huruma? Wiki ya kwanza baada ya kupasuliwa macho, umetoka kufunguliwa bandeji, nilikupiga mara nne mfululizo kabla chai yangu haijapoa. Mtu mwenye huruma hafanyi hivyo. Sijakuhurumia hata siku moja, wala mwezi huu. Mwezi huu ndio mara ya kwanza tumecheza uwanja mmoja, na umenichapa tatu kwa sifuri. Ungenichapa miaka yote hiyo.

Usiniamini mimi, najua rekodi yangu. Washa mashine kabla mwalimu hajaja. Fungua mipangilio, tafuta palipoandikwa majani, vuta mpaka chini. Kisha nenda nyuma ya tangi, pale penye jiwe unapopapenda, utazame. Utajiona ulivyokuwa. Ukimaliza kunitukana, yarudishe.

Nikwambie na hili, kwa kuwa nimeshavua nguo nisiogope mvua. Jumatatu, baada ya kuongea na binti yako, niliyashusha na mimi. Babu alinionyesha ni kubofya mara mbili tu. Nilisema, nikirudi kukupiga kama zamani, utaamini kuwa sikuwa nakuachia, utarudi, na kila kitu kitakuwa kama kilivyokuwa. Hukuwahi kujua, usingejua. Majani yakatoka, udongo ule wa kahawia ukarudi. Nikasimama pale penye jiwe lako. Palikuwa pabaya, dada, kama chumba mtu alichohama. Nikayarudisha, nikaanza kuandika hii.

Pamoja na barua nimekutumia ile kadi ya biskuti, imo ndani ya soksi, soksi ni safi. Imekufa kabisa, usiogope kuishika. Itundike juu ya cherehani, na kila ukiitazama unikumbuke kwa ubaya unaostahili.

Msalimie binti yako, mwambie sauti ya chini haimfai, anasikika mpaka mtaa wa pili. Mkweo mwambie asante kwa lori, na alale ubavu. Jirani mwalimu mpe pole zangu, atafute kompyuta yake. Na ukiongea na mwanao umwambie mjomba amekiri mwenyewe, asije akasema yeye ndiye aliyemtaja. Kitinda mimba anakusalimu, na amesoma barua hii yote begani kwangu, sasa hivi hasemi na mimi.

Jumamosi saa nne nitakuwa kwenye majani. Sisemi upande gani.

Ni mimi, mdogo wako,

Kiroboto

Kalenda nimeichana. Nimefungua ukurasa mpya, nimeandika tatu kwako, sifuri kwangu. Usizoee.