Baba, Nani Alikuwa Ananoa Wembe Wako?

Baba yangu,

Shikamoo. Dua nimekuombea, usidhani nimesahau. Lakini nimekaa kukuandikia moyo ukiwa bado unanidunda, maana nyumbani kwako hapa Magoma yametokea mambo, na mwenye kesi ni wewe.

Unakumbuka Ijumaa zetu? Wazee wanakuja mapema kunyolewa kabla ya kwenda msikitini, wanajipanga barazani, nawe unaingia chumbani na ule wembe wako wa kukunja, unashusha pazia. Sisi watoto marufuku kusogea. Mama yumo humo humo anatandika kitanda, nani alimjali? Tunasikia jiwe, taratibu, kisha mkanda wa ngozi: chwaa, chwaa, chwaa, kimya kidogo, chwaa tena. Unatoka kifua mbele, unajipitishia wembe mkononi, vinyweleo vinadondoka, wazee wanasema mashaallah. Siku moja nikakuomba unifundishe. Ukacheka ukasema, "Makali ni ya mkono wa mtu, mwanangu. Hayafundishiki." Nilikuamini, baba. Nilikuwa na miaka tisa, na nimeendelea kukuamini mpaka nimezaa watoto wanne.

Sasa sikiliza. Siku ya tatu baada ya kukuzika, wafiwa tulikaa kunyolewa kama ilivyo kwetu Wazigua. Mdogo wako, Ba'mdogo, aliyekuja na ndugu wa Handeni, akauchukua wembe akasema haki ya kuushika ni yake. Haya, sawa. Lakini unajua aliunoa wapi? Kwenye jiwe la mapanga, kule uani! Anaukwangua utadhani anakwenda kufyeka shamba.

Nikamwambia, "Ba'mdogo, jiwe hilo ni la mapanga."

"Chuma ni chuma, binti."

Alipomgusa kaka kichwani, damu ikachuruzika mpaka sikioni. Wembe ulikuwa umeshapata mapengo. Watu wakaanza kupiga kelele, mara sauti ya mama ikatoka chumbani. Yuko eda, hatoki. "Nileteeni huo wembe," akasema. "Jiwe lake ninalo mimi."

Nikaupitisha chini ya pazia, nikarudi kukaa. Tukasikia jiwe, muda mrefu kweli. Halafu, jamani! Chwaa, chwaa, chwaa, kimya kidogo, chwaa tena. Wallahi nilidhani umerudi. Kaka akasimama na damu yake, mdomo wazi, hata kujifuta amesahau. Shangazi akaanza kusoma Kul-huwallah kwa sauti. Nikaenda nikafunua pazia.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkanda kaufunga kwenye mguu wa kitanda, wembe unakwenda na kurudi mkononi mwake wala hautazami.

"Mama! Ni wewe?"

"Ulidhani nani?"

Nikakaa chini kando yake. Akanieleza akiwa anaendelea na kazi yake. Kumbe babu, baba yake, alikuwa kinyozi Handeni, hakupata mtoto wa kiume, akamfundisha yeye. Wewe ulikuwa na mkono mwepesi kwenye kichwa cha mtu, lakini kwenye jiwe ulikuwa unainua mgongo wa wembe kila siku, makali yanakufa, huambiliki. Na yeye mwanamke, asingeweza kushika vichwa vya wanaume. "Yeye ananyoa, mimi nanoa," akasema. "Wewe kinakuuma nini?"

Kinaniuma, baba! Kila mashaallah iliyotamkwa pale barazani ilikuwa ya mama, wewe ukaipokea na kuiweka mfukoni. Na mimi ukanipa lile jibu la kunifumba macho! Usiku ule nilikukasirikia, na kumkasirikia marehemu ni kazi ngumu, maana hata pa kwenda kugombana huna.

Nikamwambia mama anifundishe. Alinifundisha mle mle ndani ya eda. Wembe ulale, mgongo na makali vyote viguse jiwe. Kwenye jiwe makali yatangulie, kwenye mkanda wa ngozi utangulie mgongo. Ukimaliza uufute ukauke, uupake mafuta ya nazi kidogo usishike kutu. Akiwa ananielekeza, uso wake ulikuwa unachangamka kama hajafiwa.

Ndiyo maana arobaini yako ilinitia homa. Katika kugawa vitu, Ba'mdogo akaushika wembe, akatamka mbele ya ukoo kwamba unakwenda Handeni, chombo cha mwanamume hakibaki kwa mjane. Mama alikuwa ameshanionya: "Usije ukamvua baba yako nguo mbele za watu. Wembe tu huo, uache uende." Na usiku wa kuamkia siku hiyo nilimsikia akiusugua na kitambaa, akiusugua tena, kama anayeuaga. Ama nitunze jina lako, ama nimtunzie yeye kitu pekee alichobakiwa nacho cha kwenu wawili.

Nisamehe, baba. Nilisimama nikasema yote.

Ba'mdogo kanikazia macho. Nikawaza nimeshakuzika mara ya pili, na safari hii kwa mikono yangu. Mara Mzee Sefu, yule mteja wako wa siku zote, akaangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka.

"Binti, tulikuwa tunajua! Mama yako akienda kwao Handeni, nani alithubutu kunyolewa na baba yako? Tulifuga ndevu mpaka arudi!"

Wazee wote wakaitikia kwa kicheko. Wote, baba! Walijua miaka yote hiyo na hakuna hata mmoja aliyekuumbua. Ba'mdogo akauweka wembe mkekani. Na nyuma ya pazia nikamsikia mama anacheka, mara ya kwanza tangu uondoke. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na katikati ya kilio akakuita. Hakusema Baba Mwanaidi, kama alivyozoea. Alikuita jina lako lenyewe, ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake tangu nizaliwe.

Pumzika, baba. Hasira imebaki kidogo tu.

Ni mimi Mwanaidi, binti yako wa kwanza