DVD ya Mama Uliyoichoma kwa Haraka

Baba Neema,

Hali yako sikuulizi. Wanaotoka Singida wanasema umenenepa na studio yako mpya ina kiyoyozi, basi hali naijua. Nakuandikia kwa sababu ya ujumbe uliomtumia mwanetu, kwamba video ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, utaipiga wewe mwenyewe, bure, zawadi ya baba. Neema alinionyesha simu huku anatabasamu. Mimi nilikwenda jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Unakikumbuka kibanda chetu cha video kule Miyuji? Mimi kaunta, wewe nyuma ya pazia na kompyuta yako. Tulikwenda pamoja mjini kuchagua diski tupu. Zilikuwepo nzuri, zenye uso mweupe, ambazo picha ya bibi harusi inachapwa juu yake moja kwa moja. Na zilikuwepo zile za kopo, zinazouzwa zimerundikwa pamoja bila kasha, nyepesi, hazina hata jina la aliyezitengeneza. Ukanunua zote. "Nzuri za wateja," ulisema, "hizi nyingine tutajua pa kuzipeleka." Nikacheka. Siku zile nilikuwa nacheka kila ulichosema, mapenzi yalikuwa yamenikaa kichwani.

Hata programu za kuchomea video kwenye diski ulikuwa nazo mbili. Moja haikuwa na urembo wowote, ilikwenda polepole, na ikimaliza kuchoma inaisoma diski yote upya kuhakikisha hakuna kilichopotea. Ya pili ilikuwa na maua na mioyo inayopepea, inamaliza upesi, na haihakikishi kitu. Kazi ya mteja ulikuwa huigusi bila ile ya kwanza. Ulikuwa fundi mzuri, hilo siwezi kukunyima, na ndiyo maana hasira yangu haipoi. Ungekuwa hujui kazi ningekusamehe zamani.

Halafu ikaja sherehe ya kipaimara cha Neema kule Mvumi. Mama yangu alisimama mbele ya watu, akaikataa maikrofoni, akamwimbia mjukuu wake kwa Kigogo. Alipomaliza kuimba akamtajia mababu zake mmoja mmoja, akamwambia yupi alikuwa mchapakazi na yupi alikuwa mlevi. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Wewe ulikuwa mbele yake na kamera, na wewe pia ulicheka, bega likawa linatikisika. Nilikuona.

Wiki ile ulikuwa na harusi ya watu wakubwa. Nilipokukumbusha video yetu ukavuta diski ya kopo, ukafungua programu ya maua, ukaweka kasi ya mwisho. Nikakwambia, "Baba Neema, tumia nzuri, ni mama huyo." Hukugeuka hata kuniangalia. "Kwetu nani atalalamika?" Ukachapa picha ya Neema kwenye stika ya karatasi, ukaibandika juu, ukanipa. Na ile kanda ya kamera ukaifuta ili urekodie harusi.

Mama alipofariki sikuitazama. Nilishindwa. Niliiweka kabatini chini ya vitenge, nikijua ipo, na kule kujua tu kulinitosha. Wewe ukaondoka zako, nayo ikabaki. Mwezi uliopita Neema akaniomba tuipeleke ukumbini, bibi yake amuage mwenyewe mbele ya wakwe. Nikaazima deki ya DVD kwa jirani. Joto la bati lilikuwa limeikunja ile stika, na ilipojikunja ilibanduka na ngozi ya fedha ya diski. Tulimwona mama akisimama. Tulimwona akirudisha maikrofoni. Alipofungua mdomo picha ikavunjika vipande vipande, na deki ikaanza kukwaruza. Fundi wa mjini niliyempelekea aliniambia hata ile sehemu iliyobaki haikuchomwa sawasawa, kwamba ingehakikishwa siku ile ile tatizo lingeonekana.

Sasa sikia kilichoniumiza zaidi. Tulipokwenda Mlali kwa wakwe kujitambulisha, walituwekea DVD ya harusi ya mtoto wao mkubwa. Nikaijua kazi yako kabla haijafika mbali, maana mlangoni mwa kanisa unapenda kuanza kupiga picha viatuni mwa maharusi. Ni ya miaka ile ile. Haikukwama hata mara moja. Mama mkwe wa Neema, asiyejua kuwa ni wewe, akawa anakusifu, "Yule fundi alikuwa mwaminifu sana." Nikaitikia, nikanywa soda yao. Neema aliniangalia.

Kwa hiyo kamera yako iache Singida. Mpiga video tumeshampata, na Neema amekubali, ingawa alilia kidogo kwa ajili yako. Kuja njoo. Wewe ni baba yake, kiti chako kipo, na mtoto anataka kukuona umekikalia. Shati livae jeupe.

Jambo moja tu ulibebe njiani. Juzi tulikuwa tunachambua mchele, Neema akaniuliza sauti ya bibi yake ilikuwaje, nene au nyembamba. Miaka imepita, imemtoka. Nikasema ngoja nikuimbie kama yeye. Nikajaribu, nikajaribu tena. Ikawa inatoka sauti yangu tu, na mtoto akawa ananisubiri.

Safari njema,

Mama Neema