Bolti ya Shokapu Niliikata Mimi

Dong-ha mwanangu,

Uji wa mchele na mwani uko jikoni, upashe moto. Dawa ya kidonda iko juu ya friji. Nimeenda baharini kwa miguu, kuzamia chaza. Gari liache hapo hapo kwenye jeki.

Ile bolti ya shokapu hukuikata wewe. Spana ilipokuchubua mkono ukaingia ndani kunawa damu, nilichomeka bomba kwenye spana nikalikalia kwa uzito wangu wote, nikuonyeshe kazi. Ikakatika tak! Ukarudi ukasema, "Nisamehe Mama, nimeiharibu." Nami, mbele ya jirani Yang, nikakujibu, "Marehemu baba yako angekuwa keshamaliza." ~~Nilikuwa nakutania tu.~~ Sikuwa natania. Niliona aibu.

Baba yako hakuwahi kubadilisha hata gurudumu. Na kutu iliyoigandisha bolti imeletwa na nyavu zangu, miaka yote nazitupa humo garini zikichuruzika maji ya chumvi. Wewe umelala chini ya gari kwenye baridi hii ili lisiendelee kunitikisa mgongo wangu mbovu.

Mpigie fundi Bu aje akitoboe kipande cha bolti kilichobaki ndani.

Jioni usiniambie, "Si neno, Mama." Nigombeze kwanza.

Mama